Projekta Ikizeeka: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Katika mitaa mingi ya Kigali, kuanzia Nyamirambo na Biryogo hata Kimironko na Kanombe, zimo nyumba ambazo jioni ya Jumamosi shuka jeupe hutandazwa ukutani, taa huzimwa, na watoto wa jirani huja na vigoda vyao. Desturi ya kutazama picha kwa pamoja haikuanza jana. Wakazi wengi walizizoea kwanza filamu za agasobanuye, zile za kigeni ambazo msimulizi huzieleza kwa Kinyarwanda. Na mwaka 2005 lilianzishwa Tamasha la Filamu la Rwanda, likapewa jina la utani la Hillywood, kwa sababu lilipeleka skrini kubwa ya kujazwa upepo hata vilimani kwa watu wasiokuwa na sinema. Projekta ya sebuleni imeirithi desturi hiyo. Lakini ni mashine, na kila mashine ina umri wake.

Katika nyumba moja ya Nyamirambo baba ni askari, naye yuko nje ya nchi kikazi. Aliacha projekta iliyonunuliwa mwaka 2018. Mwezi wa Agosti picha ilianza kufifia, na kila baada ya dakika ishirini hivi mashine ilijizima yenyewe. Mama wa nyumba aliifunga katika kitenge, akaipeleka mjini.

“Mama, hii imekwisha,” fundi alisema kabla ya kuifungua. “Chukua mpya. Ninayo hapa ya lumeni elfu tisa.”

“Fundi, Septemba watoto wanarudi shule na ada haijatimia. Imekwisha nini? Nionyeshe.”

Fundi hakuwa na jibu, na yule mama akaibeba mashine yake akarudi nayo nyumbani. Alifanya vema. Projekta haifi yote kwa mara moja. Hufa kiungo kimoja kimoja, na hapana budi kujua ni kiungo gani kinachougua kabla ya kutoa fedha.

Kiungo kinachochakaa upesi kuliko vyote ni globu. Projekta nyingi za miaka iliyopita hutumia globu ya zebaki yenye mgandamizo mkubwa, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kudumu saa 2,000 hadi 5,000. Kadirio hilo mara nyingi huhesabiwa mpaka siku ambayo mwanga umepungua kufikia nusu ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo kufifia polepole si ajabu, ni uzee wa kawaida. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nyumba inayowasha mashine saa tatu kwa jioni, jioni tano kwa juma, hutumia saa 780 kwa mwaka. Globu ya saa 4,000 itawafaa miaka mitano na miezi kidogo. Saa zilizokwisha tumika huonekana ndani ya orodha ya mipangilio ya mashine yenyewe, wala haihitaji fundi kuzisoma.

Kujizima ni habari nyingine, nayo ina uhusiano na mji wenyewe. Sehemu kubwa ya Kigali iko kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari au zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika saba ikilinganishwa na ya pwani, na feni inayopuliza hewa nyepesi haipoozi vya kutosha. Watengenezaji wanalijua jambo hilo. Ndiyo maana projekta nyingi zina mpangilio maalumu wa nyanda za juu, unaoifanya feni izunguke kwa kasi zaidi, na vitabu vingi vya maelezo huagiza utumiwe kuanzia mita 1,500 hivi. Ni wangapi waliowahi kuuwasha? Kitabu cha maelezo hubaki ndani ya boksi, na boksi huwekwa juu ya kabati. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambalo huziba chujio la hewa kama pamba puani, ndipo itakapoeleweka kwa nini mashine huchoka upesi mwezi huo wa Agosti kuliko mwezi wowote mwingine.

Baada ya kusafisha chujio na kuwasha mpangilio huo, yafaa kufanya jaribio moja lisilo na gharama. Gizani, ionyeshwe picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikijaza kitambaa chote. Ikiwa weupe umefifia sawasawa pote, yaelekea ni globu, au vumbi katika njia ya mwanga, na mashine ingali na maisha. Ikiwa yako mabaka ya manjano au ya buluu yasiyohama, katika mashine za vioo vya LCD hiyo huwa ni alama kwamba vichujio vya mwanga vya ndani vimeungua kwa joto. Hapo globu mpya ni hasara tupu, kwani itaangaza mabaka yale yale kwa nguvu zaidi. Ikiwa vimetokea vidoa vyeupe kama nyota, na kila mwezi vinazidi, basi katika mashine za DLP ni vioo vidogo vya kipande cha kati vilivyokwama. Kipande hicho hubadilishwa kizima, na bei yake huwa kubwa. Mlio mkali kama wa msumeno nao mara nyingi hutoka kwenye gurudumu la rangi ambalo mhimili wake umelika.

Liko jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni uzee na kumbe si uzee. Mashine ya zamani huwa na tundu la VGA, na king'amuzi cha leo kina HDMI. Kiunganishi cha kubadili njia hiyo ni kitu kidogo, tena cha bei ya chini. Kutupa mashine nzima kwa ajili ya tundu ni sawa na kubomoa mlango kwa sababu ya kitasa.

Na zile lumeni elfu tisa? Mashine ndogo za bei nafuu huandikwa tarakimu kubwa ambazo hazikupimwa kwa kipimo cha kawaida, kile kiitwacho ANSI. Mnunuzi aulize lumeni za ANSI ni ngapi, akae kimya angoje jibu. Aulize pia nukta za asili za picha, kwa maana maneno “inapokea 1080p” yana maana kwamba mashine hukubali kupokea picha hiyo, si kwamba inaweza kuionyesha yote. Mashine yenye nukta 800 kwa 480 hupokea pia, kisha huipunguza. Kwa sebule iliyotiwa giza na kitambaa cha upana wa mita mbili, lumeni 1,000 za kweli huweza kutosha. Wale wenye uwezo wa kununua mashine ya leza hupata chanzo cha mwanga kinachokadiriwa saa 20,000 hivi, ingawa feni na vumbi havijui kusoma tarakimu hiyo.

Kipimo cha busara cha kuamua ni nusu. Ikiwa projekta mpya yenye mwanga na nukta kama za ile ya zamani ni faranga 400,000, na globu pamoja na ufundi ni 120,000, basi itengenezwe. Gharama ikipita 200,000, fedha hiyo ni mwanzo wa kununulia mpya. Ila magonjwa mawili yakikutana katika mashine moja, mathalani mabaka na globu, isitiwe hata faranga moja.

Yule mama wa Nyamirambo alifungua chujio akakuta vumbi limeganda kama ukoko wa ugali. Hesabu ya saa ilisoma 3,600. Picha nyeupe haikuwa na baka. Aliwasha mpangilio wa nyanda za juu, akapunguza nguvu ya globu kwa ule mpangilio wa kuokoa umeme, na mashine ikaenda filamu nzima bila kuzimika, japo feni ilivuma kidogo. Ada ililipwa kwanza. Globu ikanunuliwa Novemba. Siku ya kuibadilisha alichomoa waya, akangoja saa nzima ipoe, wala hakugusa kioo kwa vidole. Ile ya zamani aliizungusha gazeti, akaiweka mahali watoto wasipofika, kwa kuwa ndani yake mna zebaki na haifai kwenda jalalani Nduba pamoja na maganda ya ndizi. Inangoja gari la kwenda Bugesera, kwenye kiwanda cha kubomolea taka za umeme, pamoja na simu mbili mbovu na pasi iliyoungua.