SIFA ZA MARTA ZISIWAFICHE WADAIWA

Kila anapotajwa Marta Vieira da Silva, mshambuliaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Brazil, hawakosi watu wa kusema kwamba mwenye kipaji hazuiliki. Wengine humwita "Pelé mwenye sketi", wakidhani wamemtukuza. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini yamebeba dhuluma. Yanamchukua mtu mmoja aliyepenya na kumfanya shahidi kwamba njia ilikuwa wazi kwa wote. Njia haikuwa wazi. Ilifungwa kwa makusudi, na waliofunga wanajulikana.

Tarehe 14 Aprili, 1941, serikali ya Getúlio Vargas ilitoa Amri Namba 3199, ambayo kifungu chake cha 54 kiliwakataza wanawake kushiriki michezo iliyodaiwa kutopatana na maumbile yao. Mwaka 1965, chini ya utawala wa kijeshi, Baraza la Taifa la Michezo liliutaja mpira wa miguu waziwazi miongoni mwa michezo hiyo. Marufuku ilidumu hadi 1979. Katika miaka hiyo 38, wanaume wa Brazil walitwaa Kombe la Dunia mara tatu: 1958, 1962 na 1970. Taifa zima liliitwa barabarani kushangilia mchezo ambao nusu ya taifa hilo ilikatazwa kuucheza.

Marta alizaliwa mwaka 1986 katika mji mdogo wa Dois Riachos, jimbo la Alagoas, miaka saba baada ya marufuku kufutwa. Kwenye karatasi alikuwa huru. Uwanjani alicheza na wavulana, kwa kuwa timu ya wasichana haikuwapo. Na katika mashindano fulani kocha wa timu pinzani alitishia kuwaondoa vijana wake iwapo msichana huyo angeruhusiwa kucheza. Aliyeondolewa ni Marta. Alipofika umri wa miaka 14 alisafiri kwa basi siku tatu hadi Rio de Janeiro kujaribu bahati yake katika klabu ya Vasco da Gama. Mwaka 2004, akiwa na miaka 18, ilimbidi aende Sweden, katika klabu ya Umeå, ndipo kipaji chake kikapata malezi kilichostahili. Alichaguliwa mchezaji bora wa dunia mara tano mfululizo, 2006 hadi 2010, na mara ya sita mwaka 2018. Mwaka 2019 alifikisha mabao 17 katika fainali za Kombe la Dunia, akampita Miroslav Klose wa Ujerumani aliyekuwa na mabao 16.

Sasa tuulize: nchi yake ilimwandalia nini? Ligi ya taifa ya wanawake iliyopo leo nchini Brazil ilianza mwaka 2013, wakati Marta ana miaka 27 na tuzo tano za dunia kabatini. Klabu ya Santos, ambayo aliisaidia kutwaa Kombe la Libertadores la wanawake mwaka 2009, iliivunja timu yake ya wanawake mwanzoni mwa 2012, ingawa timu hiyo ilikuwa imelitwaa kombe hilo tena mwaka 2010. Hata ughaibuni, ardhi ilikuwa ikididimia chini ya miguu yake. Los Angeles Sol ya Marekani ilikufa baada ya msimu mmoja. FC Gold Pride ilitwaa ubingwa mwaka 2010 kisha ikafungwa mwaka huohuo. Western New York Flash ilitwaa ubingwa mwaka 2011. Mwaka uliofuata ligi yenyewe ikafa. Tyresö ya Sweden ilifika fainali ya Ulaya mwaka 2014, Marta akafunga mabao mawili, na klabu ikafilisika.

Wapo watakaojibu kwamba hiyo ndiyo hukumu ya soko, kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji. Hoja hiyo ni ya kukaidi. Mche ulionyimwa maji miaka 38 haushutumiwi kwa kuchelewa kuzaa. Mpira wa wanaume wa Brazil ulijengwa kwa viwanja, mashirikisho, magazeti na fedha za umma, vizazi na vizazi. Kuwaambia wanawake washindane sokoni baada ya kuwafungia nje kwa sheria ni kumfungua mtu pingu asubuhi na kumcheka jioni kwa kushindwa mbio.

Ushahidi upo. Mageuzi makubwa yalikuja pale kanuni zilipolazimisha. Mwaka 2019 klabu za wanaume zilizotaka kucheza Kombe la Libertadores zilitakiwa kuwa na timu ya wanawake. Mwaka 2020 shirikisho la Brazil lilitangaza kwamba wachezaji wa timu za taifa, wanaume kwa wanawake, watalipwa posho sawa. Miaka 40 ilipita tangu marufuku ifutwe ndipo hayo yakatendeka. Kufuta amri mbaya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika amri njema na kuitengea fedha.

Walimu na watumishi wa umma wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Kifungu cha 54 hakikuandikwa uwanjani. Kiliandikwa mezani, kikapigwa muhuri, kikapelekwa mashuleni na mawilayani, na watu waaminifu kazini wakakitekeleza. Mwaka 2025, akiwa na miaka 39, Marta alisawazisha katika dakika za nyongeza kwenye fainali ya Copa América dhidi ya Colombia, akaongeza bao jingine, na Brazil ikatwaa ubingwa kwa penalti. Tumpongeze kwa moyo wote. Lakini tukimaliza kupiga makofi, tuwahesabu wasichana wa rika la mama yake na bibi yake ambao majina yao hatutayajua kamwe, kwa sababu kalamu ya ofisini iliwazuia kabla hawajaugusa mpira. Deni hilo halilipwi kwa sifa.