The Departed ina Oscar, ila Infernal Affairs ndo baba lao

The Departed (2006) ilibeba Oscar 4, ikiwemo ya filamu bora, na wengi hadi leo hawajui kwamba stori yenyewe imetoka Hong Kong: Infernal Affairs, ya 2002. Polisi kajichimbia kwenye genge, jambazi kajipenyeza polisi. Wamarekani wakaihamishia Boston, wakaongeza matusi, damu na karibu dakika 50. Ni kali, hasa yule bosi wa genge. Ila mwisho ndo wamechemka: msaliti anapigwa risasi, halafu panya anakatiza kwenye roshani, eti mtazamaji asipoonyeshwa panya hataelewa! Hong Kong wao wanamwacha hai. Anaenda kwenye mazishi ya mwenzake akiwa polisi mwenye heshima zake, na siri anarudi nayo nyumbani. Hapo risasi ya nini tena?