Gesi yetu, mkaa wetu



Kila mjadala wa gesi ya kusini unapopamba moto huzuka kambi mbili. Moja inataka tuchimbe haraka tuwe kama Qatar. Nyingine inataka tuiache ardhini kwa sababu dunia inaungua. Mimi ni muuguzi, naishi hapa Doha, na naona kambi zote mbili zimelisahau jiko.

Tuanze na Qatar. Gesi ya baharini hapa iligunduliwa 1971, ya kwetu Songo Songo 1974. Miaka 3 tu! Kweli, yao ni nyingi mno kuliko yetu, tusidanganyane. Lakini meli yao ya kwanza iling'oa nanga Ras Laffan mwishoni mwa 1996, na sisi bomba la kuja Dar lilianza kazi 2004. Na utajiri huo una bei yake. Maji ya bomba hapa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa nishati hiyo hiyo, na viyoyozi havizimwi. Kwa wastani mkazi mmoja wa Qatar anatoa zaidi ya tani 30 za hewa ya ukaa kwa mwaka, Mtanzania hafikii hata nusu tani. Joto nalo halimpigi mwenye kiyoyozi. Tangu 2021 ni marufuku kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, 1 Juni mpaka 15 Septemba. Jua hili linaua figo za vibarua, wakiwemo vijana wetu wa Afrika Mashariki.

Wazungu nao wana lao. Glasgow 2021 nchi kadhaa, Ujerumani ikiwemo, ziliahidi kuacha kufadhili gesi na mafuta ng'ambo. Machi 2022 vita ya Ukraine imeanza tu, waziri wa Ujerumani huyo Doha kutafuta gesi! Novemba ukatangazwa mkataba wa miaka 15. Kwa hiyo mahubiri ya tuiache ardhini mimi hayaniingii.

Ila kinachomaliza misitu yetu ni mkaa. Miombo ya Kilosa, Kisarawe na Rufiji inaishia kwenye matanuri ya udongo, na sehemu kubwa ya nguvu ya mti inapotea kwa moshi kabla gunia halijafika mjini. Serikali iliupiga marufuku ghafla Januari 2006, amri ikafa ndani ya wiki chache, maana watu lazima wale. Wodi ya watoto nyumbani nilikuwa namuuliza mama mwenye mtoto wa nimonia anapikia wapi. Jibu: chumba hicho hicho tunacholala.

Sasa wengi hawajui kwamba gesi ya mtungi wanayopikia haitoki Songo Songo wala Mnazi Bay. Inakuja kwa meli toka nje. Ya kwetu inaenda kwenye mitambo ya umeme na viwandani, na nyumba zilizounganishwa na bomba, kama zile za Mikocheni, ni chache mno. Mkakati uliozinduliwa 2024 unataka 80% ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Vizuri. Mitungi ikagawiwa, picha zikapigwa. Ukiisha je? Mama lishe ananunua mkaa wa kopo kwa sababu hana hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Gesi ya mita, ya kulipia kidogo kidogo, ipo tayari Dar, tatizo haijamfikia. Na umeme wa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 zilizotugharimu kipande cha Selous, unaivisha sufuria ya maharage kwenye jiko la presha bila kumaliza uniti moja.

Basi bajeti ya Nishati ikisomwa Dodoma, mwulizeni mbunge wako mambo mawili: mwaka huu nyumba ngapi zimeunganishwa na bomba, na mama lishe wa jimboni kwake anapikia nini. Megawati atawatajia bila kuulizwa.