Biro ya serikali ianze na mutu anayesimama mlangoni

Muchimbaji akiacha shimo kwenda kutafuta karatasi, siku yake ya kazi imekufa. Sisi wenyewe tumelipitia. Kuko biro moja, jina lake hatutaji, tulisimama mule kutoka asubuhi mpaka saa nane, kwenye jua, pamoja na mama mwenye mutoto mugongoni. Benchi hapana. Choo kimefungwa, ufunguo uko kwa mukubwa, na mukubwa hayuko. Mwishowe ajenti anasema: "Muache kitu kidogo, mukuye kesho." Kile kitu hakikuandikwa popote.

Ajenti naye tumuelewe, hata akitukasirisha. Katika inchi yetu wengi wanafanya kazi ya serikali miaka na miaka bila mushahara. Mutu asiyelipwa, meza yake inageuka bariyera, sawa na zile za njia ya Bunia.

Kinshasa ilianzisha programu ya maendeleo ya teritware 145: masomo, vituo vya afya, na biro za watawala. Ni vizuri. Lakini ukuta mupya na ajenti mwenye njaa ndani yake, sisi tutapata nini?

Feza ya kutengeneza mambo haya, sheria imeitaja. Kode ya madini ya 2018 inasema 15% ya redevance minière iende kwa entité ambamo madini yanatoka, na komini ni moja ya zile entité. Shida ni hii: redevance inalipwa na mwenye kibali cha mugodi. Hapa Mongbwalu, AngloGold Ashanti ilisimamisha mradi wake mwaka 2013, na wengi wetu tunachimba kwa mikono. Zahabu ya mikono inapita mufukoni, inavuka mupaka kwenda Uganda, na komini inabaki kuangalia vumbi la moto. Tusidanganyane, na sisi tuko ndani ya ule muchezo. Lakini nani ataleta zahabu yake mbele ya serikali, kama mlangoni tu ameombwa "kitu kidogo"?

Majirani walijaribu njia ingine. Mwezi wa 3 mwaka 2019, Tanzania ilifungua soko la zahabu kule Geita. Muchimbaji mudogo anaingia nyumba moja: kuko wanunuzi, kuko mizani, kuko watu wa serikali wa kuhesabu kodi, na bei ya siku inajulikana. Mbele kidogo, mwezi wa 2, walikuwa wameondolea wachimbaji wadogo kodi mbili, ile ya 18% na ile ya 5%. Nyumba peke yake haingevuta mutu. Walipunguza muzigo, kisha wakafungua mulango.

Kwetu, muchimbaji anatakiwa awe ndani ya koperative, apate karata, kisha akutane na watu wa madini, wa SAEMAPE, wa komini, kila mumoja na mulango wake. Tunataka hawa wote wakae nyumba moja. Iwe na benchi chini ya kivuli, maji, choo cha wanawake, taa ya jua, na mulango bila ngazi, juu ya ndugu zetu waliovunjwa miguu na mashimo. Na ajenti alipwe, la sivyo hii yote ni mapambo.

Nani atauliza hesabu? Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, na komini yetu haina washauri waliochaguliwa na raia. Ndiyo maana tunaomba kwanza kitu kimoja kisichongojea Kinshasa: ubao mukubwa kwenye ukuta wa mbele, umeandikwa kwa Kiswahili, kila karatasi na bei yake, na kila anayelipa apewe kipande chenye kashe. Mbao na rangi, koperative zetu zinaweza kuchanga. Komini ituambie tu ni siku gani tuvilete.