Rubani Naye ni Mfanyakazi

Sisi wa Rujewa ndege tunaijua kwa kuitazama juu. Tangu uwanja wa Songwe ulipofunguliwa Desemba 2012, mtu aliye katika jaruba lake la mpunga huinua kichwa, akaifuata kwa macho hata ikapotea, kisha akainama tena. Basi hatukushangaa kumsikia mzee mmoja akiuliza: "Rubani akigoma, mimi yanihusu nini? Mshahara wake wa mwezi mmoja ni mavuno yangu ya miaka mingapi?"

Swali hilo ni la haki. Sisi tunasema yanamhusu, na tutaeleza kwa nini. Lakini marubani nao tuna neno lao, maana wao pia wana deni kwa wenzao.

Tazameni mambo ya jirani zetu wa Kenya. Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, wanachama wa chama chao kiitwacho KALPA, waliacha kazi. Kampuni ikatangaza kwamba inapoteza shilingi za Kenya milioni 300 kila siku. Maelfu ya abiria wakakwama, na mgomo ukaitwa hujuma ya uchumi. Magazeti mengi yakapiga picha za abiria wenye hasira. Ni wachache walioeleza kwa kirefu marubani walidai nini.

Walidai nini? Walidai mchango wa mwajiri katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, uliosimamishwa wakati wa ugonjwa wa Korona, urudishwe. Walidai na mishahara iliyozuiliwa wakati ule ule ilipwe. Hayo si madai ya mabwana wanaotaka mvinyo. Ni madai anayoyajua kila kibarua aliyeambiwa "ngoja mwezi ujao", na mwezi ujao ukaja na maneno yale yale. Fedha ya uzeeni ni jasho lililokwisha kutoka. Akinyimwa mwenye kanzu au mwenye shati lililochanika, kosa ni moja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Hata hivyo mahakama ilikwisha toa amri ya kuuzuia mgomo ule kabla haujaanza, na tarehe 8 Novemba ikawaamuru marubani warudi kazini kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, ikaikataza kampuni kuwaadhibu. Wakarudi. Siku nne tu, na mambo yao yakabaki mikononi mwa mawakili.

Kwa nini walirudi upesi hivyo? Wengine watasema ni mahakama tu, na ni kweli amri ya mahakama si jambo la mchezo. Lakini sisi tunaona na jambo la pili. Walisimama peke yao. Katika uwanja wa ndege rubani ana chama chake, na fundi, mpakia mizigo na mfagiaji wana chao, kiitwacho KAWU. Watu wote wanaifanya ndege moja iruke, lakini siku ya shida kila mmoja hutazama mlango wake. Na mwananchi aliyekwama na mizigo yake hakuwa ameambiwa mapema kisa ni nini, kwa hiyo akaamini alichoambiwa na kampuni.

Linganisheni na tarehe 11 Septemba 2024. Siku ile waliogoma walikuwa wale wa chini, KAWU, kupinga mpango wa kuukodisha uwanja mkubwa wa Nairobi kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Mawakili na watetezi wa haki walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani, na wananchi wengi walikuwa wakizungumza jambo hilo hilo majumbani. Mgomo ulikwisha siku ile ile kwa mapatano. Novemba mwaka ule mpango ukafutwa. Hatusemi mgomo ndio uliouua, kwa kuwa Adani mwenyewe alikuwa ameshitakiwa Marekani siku moja kabla. Lakini wale wa chini walijua kuliunganisha jambo lao na jambo la nchi, na marubani wa 2022 hawakujua.

Huko Marekani somo hili lilinunuliwa kwa bei ghali. Agosti 1983 mafundi wa kampuni ya ndege ya Continental waligoma, na marubani wakapita mbele yao, wakaingia kazini, wakarusha ndege. Mwezi uliofuata kampuni ikakimbilia sheria ya kufilisika, ikavunja mikataba, ikakata mishahara karibu nusu. Oktoba marubani wakagoma wenyewe! Baadhi ya wenzao wakapita mbele yao vile vile, na mgomo ukavutwa hata mwaka 1985, wakashindwa.

Hapa kwetu wazee walilijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipoweka chini magunia, watu wa reli hawakusema kazi yetu ni nyingine. Waliwafuata, na mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli, na makuli wakapandishiwa mishahara. Kuli wa 1947 hakuwa na ofisi ya chama wala gari. Alikuwa na mwenzake.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Yeye ni mtu wa Usangu, anajua mfereji. Mwenye jaruba la juu akijichotea maji bila kumjali wa chini, siku mfereji ukibomoka atauziba peke yake. Rubani ni mtu wa jaruba la juu. Lakini mtu wa chini naye asifurahi akiona la juu limekauka, kwa kuwa maji hayamfikii yeye bila kupitia huko. Wafanyakazi wa TAZARA, ambao reli yao inapita nchi yetu hii, wamepata kugoma zaidi ya mara moja kwa mishahara iliyocheleweshwa miezi. Ikiwa rubani, asiyeweza kupatiwa badala yake kwa siku mbili, anarudishwa kazini bila kupata kitu, je, mlinda njia ya reli atasikilizwa na nani?

Na sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 haikufunga mlango. Waongoza ndege imewakataza kugoma pamoja na watu wa maji, umeme, hospitali na zimamoto. Wengine inawaruhusu baada ya usuluhishi, kura na taarifa ya saa 48. Tena inaruhusu wafanyakazi wa mahali pengine kugoma kwa kuwaunga mkono wenzao, wakitoa taarifa ya siku 14. Makatibu wa matawi, kifungu hicho kisomwe katika mkutano ujao, na waalikwe wa reli, wa shule na wa mashine za mpunga. Na marubani wa Dar es Salaam wakiwa na dai, watuandikie sasa, kabla ya ndege kusimama.