TUONYESHWE RISITI YA UWANJA
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Nami nikiangalia mambo ya viwanja vya michezo katika nchi yetu naona kuna ahadi ambayo ni deni mara mbili. Kwanza sisi tunadai uwanja tulioahidiwa, halafu tunadaiwa pesa za uwanja huo huo! Ndiyo sababu nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu katika gazeti hili la chama chetu cha Kiswahili.

Siku hizi ukipanda matatu kutoka Litein hadi Kericho mjini, au ukisimama kwenye foleni ya kupima majani chai jioni, utawasikia watu wazima wakibishana juu ya viwanja. Mmoja atasema, "Hizo ni hadithi tu, mimi nitaamini nikiona." Mwingine atauliza, "Haya, umejengwa. Atalipa nani?" Papo hapo atatokea wa tatu awakemee wenzake, "Nyinyi kazi yenu ni kupinga maendeleo tu!" Nimesikiliza pande zote. Kwa maoni yangu, mwananchi anayeuliza juu ya pesa na tarehe za uwanja si adui wa maendeleo hata kidogo. Huyo ndiye mwenye mali, na mwenye mali haulizwi kwa nini anahesabu mali yake.

Hebu tuanze na uwanja unaotajwa sana, yaani Uwanja wa Talanta kule Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Kazi yake ilizinduliwa rasmi Machi 2024, wakati sisi tulikuwa ndio tumeingia Kidato cha Kwanza, tukiitwa mamono. Ni uwanja wa watu 60,000, na umekusudiwa kutumika katika Kombe la Mataifa ya Afrika ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuandaa kwa pamoja mwaka 2027. Kwanza tuliambiwa utakuwa tayari Desemba 2025. Sasa ni 2026, na tarehe zimekuwa zikisogezwa mbele.

Lakini tarehe ni nusu tu ya maneno. Nusu nyingine ni pesa. Uwanja huu haukujengwa kwa pesa zilizokuwa zimewekwa sandukuni. Ziliuzwa hatifungani, yaani hati ambazo mwenye pesa hununua, na kwa kuinunua anakuwa ameukopesha mradi; kisha hulipwa pesa zake pamoja na riba. Hatifungani hizo za shilingi bilioni 44.79 ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Julai 2025. Muda wake ni miaka 15 na riba ni kama asilimia 15 kwa mwaka.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu, si hii mada ya riba tumeisoma katika Hesabu? Basi chukueni kalamu. Asilimia 15 ya bilioni 44.79 ni kama bilioni 6.7. Hiyo ni riba ya mwaka wa kwanza peke yake, kabla ya kupunguza hata senti moja ya deni lenyewe. Nami nilikaa na kikokotoo changu nikakadiria kwamba deni linalipwa kwa kiasi sawa kila mwaka kwa miaka 15. Jumla ilikuja karibu bilioni 115, yaani zaidi ya mara mbili ya pesa zilizokopwa. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani kikokotoo kimeharibika. La hasha! Kilikuwa kizima.

Sasa mtu ataniuliza, "Wewe mtoto wa Kericho, uwanja wa Nairobi unakuhusu nini?" Unanihusu sana, ndugu yangu. Wakenya tulihesabiwa mwaka 2019 tukawa milioni 47.6. Ukigawa hizo bilioni 44.79, hata bila riba, kila mmoja anaangukiwa na kama shilingi 940, pamoja na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni kule Sotik na ajuza wa Londiani ambaye hajawahi kuona Nairobi.

Tena pesa za kulipa deni hili zinatoka katika Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Mfuko huo hujazwa na kodi za michezo ya kamari na bahati nasibu. Kwa hivyo yule kijana wa boda boda anayepoteza shilingi hamsini kila Jumamosi akibashiri mechi za Uingereza tayari ameshaanza kuulipia uwanja, na hajui! Na kwa sababu mfuko ni ule ule mmoja, kila shilingi inayokwenda kulipa riba ya Talanta ni shilingi ambayo haitatengeneza njia ya kukimbilia hapa Kericho au Bomet, wala haitasaidia chama cha maigizo cha shule yoyote. Mfuko wenyewe uliundwa kwa ajili ya michezo yote, sanaa na hata afya, wala haukuundwa kwa ajili ya jengo moja.

Wanaosema wananchi wana shaka bure wangefaa wasome historia kidogo. Kenya ilipewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996. Likaenda Afrika Kusini. Mwaka 2013 Muungano wa Jubilee uliahidi viwanja vitano vipya vya kitaifa: Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Miaka minne baadaye, Septemba 2017, tukanyang'anywa mashindano ya CHAN ya 2018 kwa sababu maandalizi ya viwanja yalikuwa nyuma, na Moroko ikayachukua. Kule Iten, uwanja wa Kamariny, ambao umefanyiwa mazoezi na mabingwa wa dunia, ulifungwa ili ujengwe upya. Miaka ikapita na wanariadha wakabaki kukimbia barabarani pamoja na malori. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Je, tumlaumu kwa kushtuka?

Kuna jambo lingine ambalo nimeligundua, na naomba wasomaji walipime wenyewe. Viwanja vyetu hukamilika haraka panapokuwa na sherehe. Uwanja wa Jomo Kenyatta kule Kisumu ulitumika kwa Sikukuu ya Madaraka ya 2021. Uwanja wetu wa Kericho Green ulitengenezwa kwa Siku ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2023, siku chache kabla ya sisi kufanya ile KCPE ya mwisho. Bungoma nao walipata wao kwa Madaraka ya 2024. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nilifurahi kuona mji wetu uking'aa. Lakini somo ni hili: mafundi tunao, na tarehe ikiwa ni ya kweli, kazi huisha. Kwa nini basi tarehe iwe ya kweli mgeni wa heshima anapokuja, na iwe ya uongo wakati wanaongoja ni wanariadha? Kwani hao si watu?

Haki iko pande zote mbili, kwa hivyo acha niseme na upande wa pili. Ni kweli kwamba uwanja mkubwa haujengwi kwa pesa za mfukoni. Hata mzee wetu hapa kijijini hununua mbolea kwa mkopo na kulipa kwa majani chai. Ni kweli pia kwamba Kasarani, uwanja uliojengwa kwa msaada wa Uchina na kutumika katika Michezo ya Afrika ya Agosti 1987, umetufaa kwa karibu miaka arobaini. Na nani hakufurahi Agosti 2025? Mashindano ya CHAN yalikuwa yamepangiwa Februari, yakasogezwa ili viwanja vimaliziwe, lakini hatimaye yakafanyika. Harambee Stars wakaifunga Moroko bao moja kwa bila pale Kasarani, kijiji kizima kikapiga kelele hadi ng'ombe wakashtuka! Hata tulipotolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali, tulilala tukijisikia kuwa Wakenya. Mimi siyasahau hayo. Ninapenda uwanja, na kwa kuwa naupenda ndiyo nauliza.

Tena tusidhani ugonjwa huu ni wa Afrika peke yake. Mji wa Montreal nchini Kanada uliandaa Olimpiki mwaka 1976. Michezo ilifunguliwa uwanja ukiwa haujakamilika, na gharama ilikuwa imepanda kupita kiasi. Unajua deni lake lilimalizika kulipwa lini? Mwaka 2006, miaka 30 baadaye! Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunguliwa michezo aliwahi kusoma, kuajiriwa, kuoa na kupata watoto, deni la uwanja bado linalipwa.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Hatifungani za Talanta ni za miaka 15 kutoka 2025. Deni hilo linamalizika 2040. Mimi sasa nina miaka 16. Mwaka 2040 nitakuwa na miaka 30. Kwa maneno mengine, wengi wa walipaji wa uwanja huu tumekaa humu madarasani tukiwa tumevaa sare, na hakuna aliyetuuliza chochote. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, yasema kwamba mzigo na faida za mikopo ya umma zigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Jamani, kizazi kijacho ndicho sisi! Kifungu cha 35 nacho kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa hivyo kuuliza si utovu wa adabu bali ni Katiba.

Na sisi watu wa chai kuuliza tumezoea. Wanafunzi wengi wa shule ya kutwa kama yetu tukifika nyumbani jioni huwasaidia wazazi kubeba majani chai hadi kituoni. Mnajua mambo yalivyo pale. Gunia linatundikwa kwenye mizani, karani anasoma kilo, na mama hatoki hapo bila risiti yake. Kilo zikipungua, anauliza. Makato yakizidi, anauliza. Bonasi ilipotangazwa kuwa ya chini sana kwetu mwaka 2025, wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika wazi wazi, na hakuna aliyewaambia kwamba wanapinga kilimo cha chai. Kama mama anapewa risiti ya gunia moja la majani, kwa nini sisi tusipewe risiti ya mabilioni?

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila uwanja unaojengwa, uwe wa Nairobi au wa hapa kwetu, uwekewe ubao mkubwa langoni unaoonyesha bei kamili pamoja na riba, anayejenga, anayelipa, na tarehe ya kumaliza. Tarehe ikisogezwa, ile ya zamani isifutwe, ibaki pale tuione, na sababu iandikwe chini yake kwa Kiswahili kinachoeleweka. La pili, uwanja mpya usianzishwe kabla ule wa zamani haujamalizwa. Mshika mbili moja humponyoka. La tatu, sehemu ya ule mfuko wa michezo ifike mashinani, kwa sababu mbio hazianzii katika viti 60,000.

Mkitaka ushahidi wa hilo la mwisho, mkumbukeni mzee wetu marehemu Wilson Kiprugut. Alizaliwa hapa Kericho. Mwaka 1964 kule Tokyo alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800, na ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Mwaka 1968 kule Mexico akapata ya fedha katika mbio hizo hizo. Wakati huo hakukuwa na Kasarani wala Nyayo. Alifariki Novemba 2022, na hadi leo vijana wengi wanaokimbia asubuhi kati ya mashamba ya chai hawana hata mita 400 zilizosawazishwa vizuri. Wao hawadai paa la kioo. Wanadai njia iliyonyooka, choo, maji, na mahali pa kubadilishia nguo ambapo msichana hawezi kuona haya.

Wanafunzi wenzangu, sisi ndio tutakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027, mwaka ule ule uliopangiwa kombe. Naomba kombe lije, na uwanja ujae, na Harambee Stars washinde. Nitapiga kelele kuliko mtu yeyote. Lakini nikishamaliza kupiga kelele nitakuwa na miaka kumi na mitatu ya kulipa. Anayelipa miaka yote hiyo ana haki ya kuonyeshwa risiti, na tena ana wajibu wa kuiomba kwa heshima, bila matusi na bila woga.

Walimu wetu, kama mtaniruhusu, hii ingefaa kuwa hoja ya mjadala wa chama chetu muhula ujao. Atakayepinga aje na kikokotoo.