Tumbaku "Pole" Si Pole

Mvutaji wa kiko akiulizwa kwa nini ameichagua tumbaku yake, jawabu aghalabu ni moja: "Hii ni pole." Ni neno dogo, tena husemwa kwa nia safi. Lakini ndani yake mna jambo lililofichika, na leo twapenda kulifunua, kwani sisi watu wa lugha tumepewa dhamana ya maneno kama sonara alivyopewa dhamana ya dhahabu ya watu. Sonara akitia shaba akanyamaza, huyo ni mwizi.

Kwanza tutende haki. Upole wa tumbaku ni jambo la kweli, si porojo. Tumbaku ya kiko ni mchanganyiko, kama bizari ya pilau, na fundi wake hujua kila jani lataka kipimo gani. Jani la Virginia hukaushwa kwa hewa ya moto likawa manjano, nalo lina sukari nyingi ya kuzaliwa nayo. Ladha yake ni tamu, ila ukilivuta kwa pupa huuchoma ulimi. Jani la Burley, ambalo aina yake nyeupe ilizuka Ohio, Marekani, mwaka 1864, huanikwa kivulini likakaushwa na upepo. Sukari karibu haimo, na ladha yake hukumbusha karanga za kukaanga. Kisha kuna Latakia, iliyopewa jina la bandari ya Shamu. Hiyo hufukizwa kwa moshi wa kuni siku nyingi mpaka ikawa nyeusi, ikanukia kama samaki wa moshi na ubani kwa pamoja.

Fundi akitaka mchanganyiko wa upole, mara nyingi huifanya Burley kuwa msingi, kwa sababu jani hilo hunywa viungo kama mchele unavyokunywa tui. Mfano mashuhuri ni Prince Albert, tumbaku iliyotolewa na kampuni ya R. J. Reynolds ya Marekani mwaka 1907, ikapewa jina la mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Edward wa Saba wa Uingereza. Sifa iliyotangaziwa ni kwamba haiumi ulimi, na sifa hiyo haikuwa ya bure. Yaanza kwa utamu mwepesi, hufuata ladha ya karanga na nyasi kavu, na mwishoni hubaki harufu ndogo kama ya kakao. Hukatwa vipande vidogo vyenye mikunjo, ili iwake taratibu na moshi wake usishike joto kali. Aliyezoea tumbaku nzito huenda akasema haina chumvi. Anayeanza atasema ni rafiki.

Basi ila iko wapi? Ila ni kumtaka ushahidi mtu asiyekuwapo. Anayesema kwamba tumbaku hii ni pole ni ulimi, na ulimi hujua ladha na joto tu. Haujui kipitacho chini yake kuingia damuni. Latakia yatosha kuwa mfano. Pua itaapa kwamba hakuna tumbaku kali kuliko ile, kumbe nikotini yake aghalabu ni kidogo. Na Burley, lile jani la upole ambalo halikuchomi wala halikukohozi, ndilo lenye nikotini nyingi zaidi. Wazee walikwisha kusema: simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Wala asituambie mtu kwamba mvuta kiko haumezi moshi, na kwa hivyo yu salama. Wenye kutafuna tambuu wajua kazi ya chokaa. Popoo na tumbaku bila chokaa havina nguvu. Ni chokaa ndiyo inayozifungua dawa zilizomo zikapenya ndani ya mashavu. Moshi wa kiko nao una tabia hiyo hiyo. Moshi wa sigara huwa na uchachu, na mvutaji hana budi kuuvuta mpaka kifuani ili apate anachokitafuta. Wa kiko una tabia ya magadi, na nikotini yake hupenya kinywani hata kama mtu hakuumeza. Asiyemeza moshi amejiepusha na sehemu ya hatari, hilo twalikubali. Saratani ya mapafu humpata kwa uchache kuliko mvuta sigara. Lakini uchache si usalama. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 1964 iliona kwamba kiko husababisha saratani ya midomo, na uchunguzi uliofuata umeongeza saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu yenyewe. Hakuna hata moja katika hizo iliyoulizia kama tumbaku ilikuwa pole au kali.

Wanachuoni wetu wamebishana juu ya tumbaku tangu karne ya 17. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku Istanbul mwaka 1633. Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika risala nzima ya kutetea uhalali wake. Fatwa twawaachia wenyewe. Letu ni kukumbusha kwamba mabingwa wale hawakuwa na hadubini wala madaftari ya hospitali, na sisi tunavyo. Atakayeitetea leo itampasa aujibu ushahidi huo kwanza.

Huenda msomaji akauliza: kiko cha wazee wachache kina haja gani ya kuandikiwa makala? Haja ipo, kwa sababu upole ule ule umehamia kwa vijana. Wao hawavuti kiko. Wamepata kilicho pole zaidi, nacho ni tumbaku ya shisha, ambayo Waarabu huiita muassal, yaani iliyotiwa asali. Neno asali ni letu pia, na hatuna neno tamu kulishinda. Huongezwa harufu ya tufaha, mnanaa au zabibu, moshi ukapitishwa majini ukapoa. Maji hupoza moshi, lakini hayauoshi sumu. Babu zetu nao walikuwa na buruma yao yenye maji, lakini tumbaku yao ilijulikana kwa ukali, na mtoto aliyeiiba pumzi moja alikohoa akakimbia. Ukali ule ulikuwa bawabu mlangoni. Asali imemfukuza bawabu, na mlango u wazi kwa mtoto wa miaka kumi na minne.

Serikali ya Kenya iliipiga marufuku shisha mwezi Desemba 2017, na ubishi wake ukafika mahakamani. Kabla ya hapo, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikwisha kukataza pakiti kubeba maneno ya kumpoteza mnunuzi. Mkataba wa kimataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004 unalitaja hasa neno "pole", pamoja na "nyepesi", kuwa miongoni mwa maneno ya hadaa. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria hukamata karatasi ya pakiti. Haiwezi kuukamata ulimi wa muuzaji wala wa mjomba barazani. Hapo ni kazi yetu. Mwenye duka akiulizwa, naaseme kwamba tumbaku hii ina ladha ya karanga, au ina harufu ya moshi, au haichomi ulimi. Hayo ni maneno ya kweli, na hayampunguzii mnunuzi kitu. Asiseme kwamba ni pole, kwa maana hajui itamfanyia nini mwenye kuivuta. Mzazi naye asimcheke kijana anayenukia tufaha usiku akadhani ni mchezo. Kahawa chungu twaipenda kwa uchungu wake, na haijapata kutudanganya kwamba ni tamu.

Lugha yenyewe imetutangulia katika jambo hili. Zamani uraibu ulikuwa ni tambuu, popoo, katu, chokaa na tumbaku, vilivyopangwa vizuri akakirimiwa mgeni. Leo neno lilo hilo, vitabuni na redioni, lina maana ya utumwa wa mtu kwa kitu asichoweza kukiacha. Hakuna mkutano uliokaa ukaamua. Neno lilifuata ukweli polepole, mpaka likaufikia.

Na "pole" nalo lina mahali pake kwetu. Ni neno tunalomwambia mgonjwa tukimzuru hospitali. Tuliache huko, tusilipeleke dukani.